Dawa ya Shaba na Miti Kumi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Nimedhalilishwa. Naandika haya hata chai sijanywa.

Jana ukweni, kule juu ya Nanyala, kulikuwa na kikao. Mama mkwe alikaa ndani, sisi wakwe nje, maana kwa desturi ya pale mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani. Mke wangu Rozi ndiye aliyekuwa anatoka na kuingia na maneno ya mama yake. Neno la kwanza: kahawa imeshikwa na chulebuni, ule ukungu unaoozesha kahawa ingali mbichi mtini. Neno la pili: ikifika katikati ya Machi haijaonyesha nafuu, miti yote mia tatu inang'olewa, shamba linapandwa parachichi. Neno la tatu: kazi hiyo atapewa Ferdinand.

Ferdinand! Huyu ni mwanyumba wangu, amemuoa Judith, mdogo wake Rozi. Anauza miche ya parachichi. Sasa muuza miche akiulizwa kama miti ya watu ing'olewe, mlitegemea ajibu nini?

Marehemu baba mkwe, Mzee Lusubilo, alisema mbele ya watu siku napeleka posa kwamba mtazamaji wa kahawa ile baada yake ni mimi. Mimi Osward, Mnamwanga wa Ndalambo, niliyefika na jogoo mmoja na suti ya kuazima. Ndugu zake walitaka nirudishwe nilikotoka. Yeye akasema huyu kijana ana macho ya kutazama kitu, mwacheni. Miaka kumi na minne sasa. Kahawa ile ikitoka, mimi pale nabaki mgeni wa kunywa chai na kuaga.

Haitoki. Mimi ni fundi wa maabara ya kemia katika sekondari moja hapa Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, si mtu wa kubahatisha. Nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu siku hizi wanaua ukungu kwa kompleksi. Unachukua metali, tuseme shaba, unaishikisha na dawa nyingine mpaka vinakuwa kitu kimoja kipya ambacho ukungu haujawahi kukutana nacho. Nitaitengeneza mwenyewe. Jina tayari ninalo: Oswardini.

Jumatano, 5 Februari

Shaba yote ya Zambia inapita mbele ya dirisha langu. Malori yamepanga foleni kuanzia hapa Mpemba mpaka mpakani, vibamba vya shaba viko juu mchana kweupe, na fundi wa maabara hana hata gramu kumi. Hii ni haki?

Nimemfuata dereva mmoja wa Kizambia aliyekuwa anakaanga mayai kivulini mwa lori lake. Nimemsalimia vizuri. Nimemweleza kuhusu chulebuni, kuhusu kompleksi, kuhusu Ferdinand. Nikamwomba anikwangulie kidogo tu pembeni, kwa faida ya sayansi. Akasema awe mukwai, yaani hapana bwana, kisha akaita mlinzi. Mlinzi naye akaita mlinzi mwenzake. Niliondoka kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, ila wa haraka.

Basi nimerudi kwenye mrututu, zile chembe za buluu za shaba zinazouzwa duka la pembejeo. Ningeweza kuanza na huo tangu asubuhi. Lakini mrututu kila mkulima anao, na hakuna mtu aliyewahi kupata jina kwa mrututu.

Kilichobaki kilikuwa aspirini ya kuishikisha. Dada wa duka la dawa alisema kichwa kinachohitaji vidonge mia mbili kinahitaji hospitali, si duka. Nimezunguka maduka saba.

Mchana nimesaga, nimeyeyusha kwa magadi soda, nimemimina maji ya mrututu taratibu. Unga wa buluu ukaanza kutua chini ya chupa. Buluu safi, laini. Niliacha kila kitu nikautazama tu. Sikujua kama mikono yangu inaweza kutoa kitu kizuri namna ile.

Kisha ubaya ukaanza. Karatasi za kuchujia zimekwisha tangu mwaka jana, nimeomba mara nne. Nikachukua chujio la chai la ofisi ya walimu. Nilikuwa nalirudisha, nalirudisha kabisa, ila Mkuu wa Shule, Mwalimu Efraimu, akatangulia kutaka chai. Chujio lilikuwa la buluu. Nimeandikiwa barua ya kujieleza. Barua, kwa chujio! Nimejibu kurasa tatu.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeshinda ukweni kuchukua kahawa zilizooza, maana dawa lazima ijaribiwe kwenye ukungu wenyewe. Nimepata bahasha nzima. Lakini si hilo ninalotaka kuandika.

Kulikuwa na kuku. Kuku alikuwa mmoja na firigisi yake ilikuwa moja, kama Mungu alivyopanga. Kila mtu anajua firigisi ni ya mwanaume anayeheshimiwa kuliko wote mezani. Iliwekwa kwenye sahani ya Ferdinand. Mimi nilipewa shingo.

Rozi alinituliza njia nzima. Alisema mama yake hakuhusika, aliyepakua ni Judith. Judith ni mke wa nani? Kesi imekwisha hapo.

Na kuna jambo baya zaidi. Ferdinand anamtumia mama mkwe sauti za WhatsApp. Kila jioni! Anamweleza bei ya parachichi, anamtumia na picha. Nilipomwambia anavunja desturi, akasema desturi imekataza uso, haijakataza sauti. Mimi miaka kumi na minne nikimwona yule mama njiani naruka mtaro na kuingia kwenye mahindi ya watu. Nimeshachana suruali mbili. Mwenzangu anamwekea na muziki nyuma.

Ijumaa, 14 Februari

Sahani za kioo za kukuzia ukungu ziko kwa Madam Jenista, mwalimu wa biolojia. Ukizihitaji unapita kwake, na yeye anajua hivyo. Nilimpelekea kahawa zangu Jumatatu. Alikwangua pale penye doa jeusi, akapanda kwenye uji wa viazi ulioganda kama jeli, na leo ukungu umeota vizuri, wa kijivu, una manyoya. Sijawahi kumchukia kiumbe hivi.

Ninazo kompleksi tatu: ya shaba ni ya buluu, ya zinki ni nyeupe, ya chuma ni ya zambarau. Taabu ni kwamba ile ya shaba haikubali kuyeyuka kwenye maji, hata ya moto. Siki ndiyo angalau imeilainisha. Basi unachovya kiduara cha karatasi kwenye dawa, unakiweka juu ya ukungu, unasubiri. Dawa ikiwa kali, ukungu unakimbia na kuacha uwazi kuzunguka karatasi. Sahani tatu, kazi imekwisha.

Madam Jenista akasema sahani saba. Moja ya maji tu. Moja ya siki tu. Moja ya mrututu peke yake. Moja ya aspirini peke yake. Nikamuuliza sahani nne ambazo hazina dawa yangu zinafanya nini kwenye jaribio la dawa yangu. Akasema ni za kulinganishia, bila hizo hatutajua kilichoua ni nini. Nikamuuliza kama mpishi akipika pilau analazimika kubandika na sufuria tupu pembeni. Akasema ndiyo, kama anataka kujua harufu inatoka kwenye pilau au kwenye sufuria.

Mwanamke huyu hajawahi kugundua kitu maishani mwake. Nimekubali sahani saba kwa sababu zote ni zake.

Jumanne, 18 Februari

Matokeo. Nayaandika kwa kuwa mimi ni mkweli.

Kompleksi ya shaba, uwazi wa milimita tisa. Hapo nilishangilia, nikampa mkono Madam Jenista. Hakuutikisa sana. Akaniomba nisome na nyingine. Zinki, nne. Aspirini, mbili. Maji, hakuna. Siki peke yake, nane. Mrututu peke yake, wa dukani, wa kila mkulima, kumi na nne.

Na ile ya chuma? Ukungu umeipenda. Umeota mpaka juu ya karatasi. Madam Jenista alisema hajawahi kuona chulebuni yenye afya kama ile.

Nimepima upya kwa rula yangu mwenyewe, kuanzia upande ule mwingine, nikapata kumi na moja. Amekataa kuandika kumi na moja. Akasema hata hivyo haya ni matokeo mazuri, kwa sababu yanatuambia kitu. Yanamwambia nani? Akasema mkulima apulizie shaba ya dukani asubuhi na mapema, kama wanavyofanya siku zote. Sasa mimi nimesaga aspirini mia mbili ili niambiwe siku zote?

Ukungu wa kwenye sahani umedekezwa, unalishwa viazi. Shambani ni tofauti. Nimeomba bomba la mgongoni la shule, ambalo nalo liko chini ya Madam Jenista. Amekubali kwa sharti moja: nikipulizia miti kumi, niache mingine kumi bila kuigusa, ya kulinganishia. Kulinganisha tena! Nimetia sahihi.

Jumamosi, 22 Februari

Imefanyika. Miti kumi nimeifunga utepe mwekundu, hiyo inapata Oswardini, ile kompleksi ya shaba ndani ya siki. Miti kumi ya mstari wa pili nimeifunga utepe mweupe, hiyo haipati kitu, iendelee kuugua kwa amani. Tepe zimetokana na mapambo ya harusi ya mdogo wangu. Shamba limependeza, watu wanaoelekea barabarani wanasimama kutazama.

Muda wa kupulizia ulikuwa tatizo. Mama mkwe yuko shambani asubuhi na tena jioni. Nikiingia asubuhi tunakutana, na siwezi kuruka mtaro nikiwa na bomba la lita kumi na sita mgongoni. Kwa hiyo nimepulizia saa sita mchana, yeye akiwa amepumzika ndani. Jua lilikuwa kali kweli. Dawa ilikauka hapo hapo, jambo ambalo nimelihesabu kuwa faida.

Osea, jirani anayempulizia mama mkwe dawa kila msimu, alisimama kwenye uzio akaniambia hakuna mtu anayepulizia juani, majani yanaungua. Akauliza pia mbona shamba linanuka kachumbari. Nimemwambia ashike jembe lake. Mtu hajui hata molekuli, anakuja kunifundisha jua.

Jumapili, 2 Machi

Rozi amerudi kutoka kwao na ujumbe. Mama yake anauliza, kwa heshima zote, kama dawa ya mkwe wake ilitosha. Nimejibu ilitosha kabisa. Rozi akasema mama anauliza kwa sababu ameona miti kumi ya utepe mweupe haikupata. Nimejibu hiyo imeachwa makusudi. Rozi akauliza amwambieje mama, kwamba mkwe ameiacha miti yake iugue makusudi? Nimemwambia amwambie ni sayansi.

Rozi akasema mama anaona aibu kwa niaba yangu, maana ile mistari iko kando ya njia ya kanisani, na watu wanaona tepe za mkwe kwenye miti iliyotelekezwa.

Telekezwa! Nimeumia sana. Nimemwambia Rozi sitaki kusikia habari ya miti myeupe tena. Akasema sawa, hatanipa habari yake. Alikubali haraka mno, ila sikuwa na muda wa kufikiria hilo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kukagua, mchana tena. Miti ya utepe mwekundu ina majani ya kahawia pembeni. Mengine yamedondoka. Mtu asiyejua angesema yameungua. Mimi naona ugonjwa unatoka. Mtu akitoka homa si huwa anabambuka midomo?

Miti ya utepe mweupe sikuitazama. Nilipita nikigeuza uso. Sitaki kuipa kichwa.

Ferdinand alikuwepo, anapima shamba kwa kamba. Anachomeka vijiti pale itakapokaa miche yake, kimoja amekichomeka katikati ya miti yangu myekundu. Nimekichomoa. Amekichomeka. Nimekichomoa. Rozi na Judith walituita tukale.

Nikaamua, kama desturi haijakataza sauti, basi na mimi nina sauti. Jioni nimemrekodia mama mkwe maelezo kuhusu kompleksi, dakika saba, kwa lugha nyepesi, nikianzia kwenye atomu. Ndiyo mara ya kwanza kumsemesha tangu nioe. Jibu limekuja kupitia kwa Rozi: mama ameshukuru sana, siku nyingi hajapata usingizi mzuri kama ule.

Ferdinand anajibiwa kwa sauti. Mimi nimejibiwa kwa usingizi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ya hukumu. Niandike yote kwa mpangilio.

Nilifika shambani alfajiri, kumepambazuka, ukungu wa milimani umeshuka mpaka kwenye mibuni. Nilitaka kuona hali kabla ya watu. Nikaona. Miti yangu myekundu imebaki fito, kahawa zilizokuwa nzima zimekauka nazo. Nikageuka kwenye miti myeupe, ile isiyopata kitu. Majani ya kijani, kahawa imara, hakuna doa jipya hata moja. Nikakaa chini kwenye majani makavu. Nilimfikiria Mzee Lusubilo na yale maneno yake ya macho. Niliona haya, nasema ukweli, niliona haya peke yangu pale.

Haikudumu. Tepe ni vitambaa tu, na vitambaa vinafunguka.

Nilifungua nyekundu zote kumi, nikafungua nyeupe zote kumi, nikaanza kuhamisha. Nilikuwa nimebakiza miti mitatu, tepe nimezishika kwa meno, mama mkwe akatokea mwisho wa mstari na ndoo kichwani. Hatua kumi na tano! Mtaro uko mbali. Nilisimama kama mti. Na yeye, kama desturi inavyotaka, akajifunika kitenge usoni, akageuka na kurudi alikotoka bila neno. Hakuniona. Nikamalizia ile mitatu. Nasema kila siku, desturi zetu ni nzuri, watu wanazidharau bure.

Saa nne Ferdinand akafika na pikapu ya miche na wanaume wanne wenye majembe. Majirani wakaja. Madam Jenista alikuja kutoka Mpemba kwa kosta, na daftari lake. Nikawaonyesha: miti ya utepe mwekundu, iliyopata Oswardini, hii hapa, mizima. Ya utepe mweupe, isiyopata kitu, oneni wenyewe. Madam Jenista aliinama akaokota jani lililokauka, akalinusa. Akaniuliza siki imefikaje kwenye mti usiopuliziwa. Nikamwambia upepo. Akaandika kitu. Osea alikuwa anatazama viatu vyake kwa makini sana.

Rozi akatoka ndani na neno la mama yake. Mama anasema amekwenda mwenyewe kuitazama miti ya mkwe wake yenye utepe mwekundu, na imepona. Kumbe kahawa ikishughulikiwa inapona. Kwa hiyo haing'olewi. Ferdinand apewe kile kipande cha bondeni kisicho na kitu, apande miche yake huko, na Mungu ambariki.

Watu walinishika mkono. Ferdinand pia, vidole viwili. Na mchana, sahani ilipokuja, firigisi ilikuwa kwenye kibakuli cha peke yake, imefunikwa. Rozi alisema safari hii mama amepakua mwenyewe. Niliila polepole. 

Jumapili, 16 Machi

Nimeibiwa. Sijui neno jingine.

Tumetoka kanisani, Rozi akanikalisha, akasema sasa kwa kuwa yamekwisha ananieleza, nisije nikaenda kutangaza dawa yangu kwa watu wengine na kuwaunguzia miti. Ile miti myeupe ilipuliziwa. Mama yake, kwa kuona aibu kwa niaba yangu, alinunua dawa ya shaba ya dukani, akamwita Osea, na Osea akaipulizia mara tatu, asubuhi na mapema. Miti myekundu akakataza isiguswe, asije akaharibu kazi ya mikono ya mkwe wake. Rozi alijua. Osea alijua. Nadhani hata mbwa wa pale alijua.

Nikasema sayansi yangu imechezewa, matokeo yote ni batili. Rozi akauliza ni yapi, yale ya kabla sijahamisha tepe au ya baada.

Nikamuuliza amejuaje habari ya tepe. Akasema mama alimweleza. Aliniona vizuri kabisa, nimeuma tepe kama mbuzi aliyeiba nguo kwenye kamba. Alijifunika uso kwa sababu alikuwa anacheka.

Na bado, akiwa amejua yote hayo, alitoa neno lile mbele ya majirani na Ferdinand.

Nilitaka kukasirika na nikakosa pa kuanzia. Rozi akasema mama ametuma neno la mwisho, la kwangu peke yangu. Anasema marehemu mume wake alisema mkwe huyu ana macho ya kutazama. Hakusema kitu kuhusu mikono. Kwa hiyo kahawa niendelee kuitazama mimi, kama alivyotaka marehemu. Kupulizia atapulizia Osea.

Nimetoka nje nikasimama uani kitambo. Ni mama mwema. Sina la kusema juu yake.

Jumatatu, 17 Machi

Nimelala, nimeamka, kichwa kimekaa sawa, na sasa naona wazi kilichotokea. Miti myeupe ilipona. Ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye Oswardini. Osea anadai ni dawa yake ya dukani. Sawa, lakini ni nani anayeweza kuthibitisha kwamba Oswardini haikufanya kazi kutoka kwa jirani? Nimemuuliza Madam Jenista. Amesema mimi mwenyewe ndiye niliyefanya isiwezekane kuthibitisha chochote. Ameliweka kama lawama. Mimi nimelipokea kama nafasi.

Na kuna jipya. Ferdinand amepiga simu asubuhi, sauti ya adabu, ananiita kaka. Miche yake ya parachichi kule kitaluni mizizi imeanza kuoza, ni ukungu, na kwa kuwa amesikia kwa mama mkwe mwenyewe jinsi dawa yangu inavyoponya, anaomba nimsaidie. Miche mia nane. Rozi amenitazama kwa jicho la kunionya mpaka chai yangu imepoa.

Nimekubali. Sina kinyongo na mtu. Nitatumia ile ya chuma, ya zambarau. Kwenye sahani ukungu uliifurahia, ni kweli, lakini ule ulikuwa ukungu wa kahawa, huu ni wa parachichi, hawajuani. Siki nimeshaagiza madumu mawili. Tutapulizia saa sita mchana, maana nimeshaizoea.

Na yote mia nane inapata dawa, mche kwa mche. Safari hii siachi hata mmoja wa kulinganishia. Ndiyo iliyoniharibia.